Wanyama Wanane Walioteremshwa

Kimondo cha Mbozi kimelala kwenye mteremko wa kilima katika kijiji cha Ndolezi, mkoani Songwe. Ni donge jeusi la chuma lenye urefu unaokaribia mita tatu, na uzito wake unakadiriwa kati ya tani 12 na 16. Mwaka 2014, Songwe ikiwa bado ni sehemu ya Mbeya, niliwapeleka pale wanafunzi 38 wa kidato cha tano. Nilikuwa mwalimu wao wa fizikia, na pia mlezi wa wanafunzi wa Kiislamu shuleni kwetu.

Maelezo ya mhifadhi yalipokwisha niliwaita wanafunzi wa Kiislamu pembeni, nikatoa msahafu mdogo mfukoni na kuwasomea Sura ya Al-Hadid, aya ya 25, pale Mwenyezi Mungu anaposema ameteremsha chuma, chenye nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Nikakinyooshea kidole kimondo. Nikawaambia: chuma hakikuzaliwa hapa duniani, kimeshuka kutoka juu, na wanasayansi wamekuja kulijua jambo hili majuzi tu. Nikaongeza kwamba sura yenyewe ni ya 57, na kuna chuma chenye uzito wa atomi wa 57. Vijana wakaitikia takbira.

Binti mmoja akanyoosha mkono. Nilijua kwamba amehifadhi zaidi ya nusu ya Qur'ani.

"Samahani, Mwalimu. Katika Zumar, aya ya 6, Allah anasema ametuteremshia wanyama wanane, madume na majike. Neno ni lile lile, anzala. Na katika A'raf aya ya 26 tumeteremshiwa nguo. Na wao walitoka angani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Binti, mbele ya aya za Mungu usijifanye mjuaji." Wenzake wakamcheka. Muda wote uliobaki hadi alipomaliza kidato cha sita, hakuniuliza tena swali lolote, la dini wala la fizikia.

Nayaandika haya kwa ajili ya walimu wa sayansi, maustadhi vijana, na yeyote anayeandaa mada ya Qur'ani na sayansi kwa ajili ya msikiti au shule. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya kumi. Imenigharimu fedha na heshima, na kwa muda ilinigharimu ndugu.

Nilikulia Ngamiani, Tanga. Asubuhi shule, jioni madrasa, na vitu hivyo viwili vilikaa kichwani mwangu kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Nilipokuwa kidato cha sita, mtu akatuletea CD ya mdahalo uliofanyika Chicago mwaka 2000, kati ya mhubiri wa Kiislamu Zakir Naik na daktari Mkristo William Campbell, kuhusu Qur'ani na Biblia katika mwanga wa sayansi. Tuliitazama tumebanana chumbani kwa rafiki yangu, na Kiingereza chetu cha kubahatisha. Sikuwa nimewahi kumwona mtu anayetaja aya na kiinitete, yaani mimba changa, katika sentensi moja bila woga wowote.

Furaha ile siidharau hata leo. Kijana wa Kiislamu anayesoma sayansi hubeba hofu asiyoisema, kwamba iko siku atatakiwa achague. Anayemwondolea hofu hiyo amemtendea wema mkubwa. Nilipokosea ni pale nilipoigeuza furaha hiyo kuwa bidhaa.

Chuoni nikaanza kutoa mada. Nilikuwa na orodha niliyoijua kwa moyo: ulimwengu unatanuka (Dhariyat 47), mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu (Anbiyaa 30), hatua za mimba (Al-Mu'minun 12 hadi 14), chuma, neno "siku" limetajwa mara 365, muujiza wa namba 19 (dai kwamba maneno na herufi za Qur'ani zimepangwa kwa mafungu ya 19), Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alisikia adhana huko akasilimu, na picha ya NASA inayoonyesha ufa wa mwezi uliopasuliwa kwa ajili ya Mtume. Watu walilia wakinisikiliza. Vijana wawili walitoa shahada baada ya mada zangu, na nikaona nimepata njia ya Peponi.

Mwaka 2011, nikiwa nimeshaajiriwa Mbeya, niliandika kijitabu cha kurasa 48. Nilichapisha nakala 1,000 kwa shilingi 1,800,000, na katika hizo 1,200,000 zilikuwa mkopo wa SACCOS ya walimu. Hakuna mwanazuoni wala mwanasayansi aliyeupitia mswada wangu kabla haujaenda mtambo. Ukitaka kuchapa chochote katika uwanja huu, tafuta kwanza watu wawili: mmoja aliyesoma tafsiri na Kiarabu sawasawa, na mwingine anayefanya kazi katika fani unayoitaja. Mimi nilijiona watu hao wawili niko peke yangu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, aliingia chuo cha udaktari mwaka 2013. Alibeba nakala 20 za kijitabu changu na kuwagawia wenzake, na alijivunia jina langu lililokuwa kwenye jalada. Mwaka wa pili, usiku, akanipigia simu.

"Kaka, ukurasa wa 31 uliutoa wapi?"

Ukurasa wa 31 nilikuwa nimeandika kwamba profesa Keith Moore wa Toronto, mtaalamu mkubwa wa elimu ya viinitete, ameyaingiza maelezo ya Qur'ani katika kitabu kinachosomwa na madaktari duniani kote, na kwamba amesilimu. Mdogo wangu alikuwa amebishana na mwenzake maktabani, wakakifungua kitabu chenyewe. Walikuta sentensi chache tu katika sehemu ya historia, Qur'ani ikitajwa pamoja na Wahindi na Wagiriki wa kale. Nilichokuwa nikikisimulia kilitoka katika toleo maalumu la mwaka 1983 lenye nyongeza za Kiislamu, alilolitoa Moore pamoja na Sheikh Abdul Majeed al-Zindani. Matoleo ya kawaida hayana nyongeza hizo. Na lile la kusilimu nililisikia kwa mtu, naye kwa mtu.

"Nimeonekana mwongo, Kaka," akasema. "Halafu kuna hili. Wewe umeandika mifupa inaumbwa kwanza, kisha inavikwa nyama, na kwamba sayansi imethibitisha hivyo. Sisi tunafundishwa kwamba misuli na mifupa inaanza kujengeka katika kipindi kimoja, kutoka tabaka lile lile la kati. Nimwambie nini huyu?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba vitabu vyao vimeandikwa na makafiri. Akanyamaza. Nadhani alikuwa akinipa nafasi ya kusema kitu kingine, nami sikukisema. Akakata simu.

Kwa miezi minane hakunipigia simu. Mama ndiye aliyenijulisha kwamba alipokuja likizo Tanga alikuwa akipitwa na sala, na Ijumaa alibaki kitandani. "Mwenzio umemfanya nini?" Mama aliniuliza hivyo hasa, na sauti yake ile bado ninayo.

Sasa naelewa vizuri kilichotokea. Nilimfundisha mdogo wangu kwamba Qur'ani ni kweli kwa sababu inalingana na kitabu cha udaktari, maana yake nilikikabidhi kitabu cha udaktari mamlaka ya kuihukumu Qur'ani. Kitabu kilipotoa hukumu tofauti, yeye aliifuata kanuni niliyompa mwenyewe.

Na ukizisoma zile aya za Al-Mu'minun bila kukata, hazisimami kwenye mifupa. Aya mbili zinazofuata zinasema: kisha baada ya hayo mtakufa, kisha Siku ya Kiyama mtafufuliwa. Katika Sura ya Hajj, aya ya 5, maelezo ya tone, pande la damu na kinofu cha nyama yanaanza na maneno "ikiwa mna shaka juu ya kufufuliwa." Binadamu anarudishwa kwenye unyonge wake wa mwanzo ili akiri kwamba aliyemtoa pale hashindwi kumtoa kaburini. Mimi nilizisoma kama kurasa za maabara kwa miaka kumi, na suala la ufufuo silikumbuki katika mada zangu hata mara moja.

Tarehe 1 Septemba 2016 kulitokea kupatwa kwa jua kwa namna ya pete, na mahali pazuri pa kukutazama palikuwa Rujewa, wilaya ya Mbarali. Watu walikuja kutoka mbali. Shule ilitukodia basi, tukabeba miwani maalumu na maboksi tuliyoyatoboa tundu la sindano ili kupata taswira ya jua kwenye karatasi. Kabla ya adhuhuri mwanga ulianza kufifia, ukawa kama wa jioni isiyo na wekundu, na kwa dakika kama tatu jua likabaki duara jembamba la moto. Wanafunzi wangu, ambao kwa kawaida hawanyamazi, walinyamaza.

Mimi nilikuja na mada yangu. Nilipanga kuwaambia Waislamu waliokusanyika kwamba Qur'ani imetaja jua na mwezi kwenda kwa hesabu, Sura ya Rahman, aya ya 5, na kwamba hesabu ile iliyotangazwa na wataalamu miezi kabla ni ushahidi wa dini yetu. Kwanza tukasali sala ya kupatwa jua, rakaa mbili zenye rukuu mbili kila moja. Imamu alikuwa mzee wa pale pale, mkulima wa mpunga, kanzu yake imefuliwa hadi imekuwa nyepesi. Hotuba yake haikuzidi dakika kumi.

Alisimulia siku aliyofariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyezaliwa na Bi Mariya. Siku ile jua lilipatwa. Watu wa Madina wakaanza kusema limepatwa kwa sababu ya kifo cha mtoto wa Mtume. Mtume akasali nao, kisha akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na nilikuwa nimeisoma tangu madrasa.

Mzee akasema, "Hebu mwangalieni huyu mzazi. Ametoka kumzika mwanawe. Watu wanamletea ushahidi wa bure kutoka mbinguni, tena wanaamini wenyewe, hakuwaomba. Angenyamaza tu, ingetosha. Hakunyamaza."

Nilikaa chini. Mada yangu ilikuwa kwenye karatasi nne ndani ya mfuko wa koti, na sikuitoa. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Najua wanafalaki wakipiga hesabu kwenda nyuma wanakukuta kupatwa kule kulikoonekana Madina: tarehe 27 Januari 632. Tukio lilikuwa kweli, huzuni ilikuwa kweli, watu walikuwa tayari kusadiki, na Mtume mwenyewe alikataa kulitumia kwa sababu uhusiano uliodaiwa haukuwa kweli. Na mimi nilikuwa nimesimama kwenye mimbari nikisema Armstrong amesilimu. Habari ile ilikuwa imekanushwa zamani: mwaka 1983 serikali ya Marekani iliwatumia ujumbe mabalozi wake ikieleza kwamba Armstrong hakusilimu. Kuichunguza kungenichukua nusu saa.

Watu walipotawanyika nilimfuata mzee. Nikamwuliza kuhusu Anbiyaa 30, mbingu na ardhi kwamba zilikuwa zimeambatana kisha zikabanduliwa. Nikamwambia wengi tunasema ni mlipuko mkuu.

"Hayo ya mlipuko sijayasoma, mwanangu," akajibu. "Nilichosomeshwa mimi ni kauli iliyopokewa kwa sahaba Ibn Abbas. Mbingu ilikuwa imefungwa, hainyeshi. Ardhi imefungwa, haioti. Mungu akaifungua ile kwa mvua na hii kwa mimea. Soma mbele: na kwa maji tukajaalia kila kilicho hai. Sisi hapa Usangu aya hii tunaisoma kwa macho kila Novemba."

Niliporudi nyumbani nikafungua tafsiri ya Ibn Kathir, nikaikuta kauli hiyo pamoja na nyingine. Nilikuwa nimeisoma aya ile mbele ya mamia ya watu, na mwisho wake, ule unaotaja maji, sikuwa nikiusoma kabisa kwa sababu haukuusaidia mlipuko wangu.

Kuanzia hapo nilichukua kijitabu changu na kalamu nyekundu. Kazi hiyo ilichukua karibu mwaka. Nitasema baadhi tu, kwa sababu naona bado yanasambaa kwenye simu kila Ramadhani.

La chuma ndilo linaloniuma zaidi. Ukutani darasani kwangu kulikuwa na jedwali la elementi. Chuma, namba ya atomi 26, uzito 55.85. Zaidi ya asilimia 91 ya chuma chote ni chuma-56, yaani chenye uzito wa atomi wa 56. Chuma-57 ni kama asilimia 2 tu. Mimi nilikuwa nimechagua hiyo asilimia 2 kwa sababu ilifanana na namba ya sura. Mwanafunzi akiniletea ripoti ya maabara aliyochagua vipimo namna hiyo, nampa sifuri. Ni kweli kwamba chuma kiliundwa ndani ya nyota, lakini na oksijeni tunayoivuta na kalsiamu ya mifupa yetu pia ziliundwa huko. Kwa hiyo lile nililoliita siri ya chuma si la chuma peke yake. Na wafasiri wanaeleza kwamba kuteremsha kunaweza kuwa na maana ya Mungu kuwajaalia waja kitu kama neema kutoka Kwake, ndiyo maana wanyama na nguo vimeteremshwa pia. Yule binti alikuwa ameisoma Qur'ani kwa Qur'ani, njia ambayo maulamaa huitanguliza kuliko zote.

Kisha nikaisoma aya yote ya 25. Inaanza kwa kusema Mitume wametumwa na hoja zilizo wazi, wakateremshiwa Kitabu na Mizani ili watu wasimamie uadilifu, na ndipo kinatajwa chuma. Ni aya ya uadilifu. Mimi nilimdhalilisha mtoto wa watu chini ya aya hiyo hiyo.

Namba 19 niliiacha siku moja. Aliyeieneza, Rashad Khalifa, alipoona hesabu haikubali, alizikataa aya mbili za mwisho za Sura ya Tawba, na baadaye akadai kuwa yeye mwenyewe ni mjumbe wa Mungu. Hesabu inayodai aya zipunguzwe ili itoke sawa nilikuwa nimeipigia debe msikitini. Hili la "siku" mara 365 nililihesabu na wanafunzi kwa kutumia faharasa ya maneno ya Qur'ani ya Muhammad Fuad Abdul-Baqi. Idadi inategemea unaamua kuhesabu maumbo yapi ya neno na kuacha yapi. Ukijua jibu unalolitaka, utapata namna ya kulifikia.

Picha ya mwezi ni ya bonde linaloitwa Rima Ariadaeus, ilipigwa na Apollo 10 mwaka 1969. Bonde lina urefu wa kilomita kama 300, haliuzunguki mwezi, na mabonde ya aina yake yako mengi kule juu. Mimi naamini mwezi ulipasuka kwa sababu imepokewa kwa wapokezi waaminifu. Imani hiyo haikuwa na haja ya picha ile.

Kuhusu ulimwengu kutanuka nina la kusema kidogo zaidi, maana ndiyo hoja iliyo bora kuliko nyingine zote na bado nimeiweka pembeni. Neno musi'un, lililo mwishoni mwa Dhariyat 47, lina mizizi ya upana, na Ibn Kathir anataja kupanuliwa kwa mbingu. Tafsiri ya Jalalayn inalieleza kwa maana ya wenye uwezo. Maana zote mbili zinakubalika katika lugha. Lakini hakuna aliyeisoma aya hii akatabiri kile alichokionyesha Edwin Hubble mwaka 1929, kwamba galaksi zinatukimbia na zilizo mbali zaidi zinakwenda kasi zaidi. Kilichogundua hilo ni darubini na vipimo vya mwanga. Nikimweleza mwanafunzi siku hizi, namwambia: aya inakubeba hadi kwenye ukubwa wa Muumba, darubini inakubeba hadi kwenye galaksi, na usimpe mmoja sifa ya kazi ya mwenzake.

Nilidhani fikra hizi ni za kisasa, hadi nilipokutana nazo kwa wazee. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika utangulizi wa kitabu chake Tahafut al-Falasifa anazungumzia kupatwa huku huku kwa jua na mwezi. Anasema mambo hayo yamesimama kwa hesabu zisizo na shaka, na anayedhani kwamba kuyapinga ni kuitetea dini anaidhuru dini, tena madhara yake yanazidi ya anayeishambulia. Anataja msemo kwamba adui mwenye akili ni bora kuliko rafiki mjinga. Naye Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, katika kitabu chake al-Muwafaqat aliwakosoa wanaoibebesha Qur'ani kila elimu, kwa hoja kwamba ieleweke kwanza kama walivyoielewa Waarabu walioteremshiwa. Nilisoma kurasa hizo nikiwa na miaka 33. Laiti mtu angenipa nikiwa na 19.

Mwaka 2017 nilirudi kwenye misikiti niliyokuwa nimehadhiri, niliyoweza kuifikia, nikaomba dakika tano baada ya sala kusahihisha. Hili lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia. Msikiti mmoja walinishukuru. Mwingine mtu alisimama akasema nimelegea imani, nimenunuliwa. Mialiko ya Ramadhani ikakoma, na mfadhili aliyekuwa akinilipia nauli akaacha kupokea simu zangu. Vijitabu nilivyoweza kuvikusanya ni 340. Vingine viko huko vilipo, na kurasa zake naziona zimepigwa picha zikizunguka WhatsApp na jina langu. Mkopo nilimaliza kuulipa mwaka huo huo.

Nilimtafuta pia yule binti, alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Nilimwomba radhi kwenye simu. Akasema, "Mwalimu, mimi nilijua nimekosa adabu. Hata huku chuoni sijawahi kuuliza swali darasani." Nilishindwa kuendelea kuzungumza kwa muda.

Wewe unayeandaa mada, haya ndiyo ninayoyafanya sasa. Nasoma aya tano kabla na aya tano baada ya ninayoitaka, nikijiuliza inampeleka wapi msikilizaji. Nalitafuta neno lenyewe mahali pengine katika msahafu. Nafungua tafsiri mbili za zamani kabla ya kufungua simu. Nikiletewa kauli ya mwanasayansi, natafuta aliisema wapi na lini, na nikikosa naiacha, hata iwe tamu namna gani. Jambo la sayansi nalipeleka kwa mwenye fani, na swali langu kwake ni "kuna kosa gani hapa?" badala ya "si kweli kwamba?" Na anayeuliza swali gumu namshukuru mbele za watu, kwa sauti, ili wengine wasikie.

Na shuleni nimepata furaha niliyoikosa. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa mpima nyakati wa Msikiti wa Umawiyya, Damascus, na kutoka kazi hiyo ya kujua saa za sala akawa miongoni mwa wanafalaki wakubwa. Hakutafuta falaki ndani ya aya. Aya ilimtaka asali kwa wakati, naye akatoka nje akapima. Kwa hiyo nawapa wanafunzi kijiti. Wanakisimika uwanjani, wanaweka alama ncha ya kivuli kila robo saa, wanatafuta wenyewe jua linapopinduka, na Alasiri inapoingia. Hapa Mbeya, katikati ya Oktoba, kivuli cha mchana karibu kinapotea kabisa, kisha kinageuka upande. Wakristo na Waislamu wanakimbilia kwenye kijiti kile pamoja. Kuna mwaka kijana mmoja alipiga magoti akakitazama kivuli mpaka akachelewa chakula.

Mdogo wangu hatukumaliza mazungumzo yetu. Nilimwendea Dar es Salaam, nikamwambia nimekosa, kwamba nilijibu kwa hasira kwa sababu nilikuwa sijui. Tulikula pamoja. Kuhusu sala hakuniambia kitu, nami sikumwuliza. Nilimwachia nakala ya Ghazali niliyoipigia mistari.

Mwaka 2019, akiwa katika mafunzo ya vitendo hospitalini, simu yake iliniamsha saa kumi alfajiri.

"Kaka, shikamoo. Samahani kukuamsha. Nimemzalisha mama mmoja sasa hivi. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Nilikuwa peke yangu na muuguzi." Alikuwa akihema. "Kaka, amelia."

Aya zilinijaa mdomoni, zote ninazozijua za tumbo la mama na viza vitatu. Nikazizuia.

"Ana kilo ngapi?" nikamwuliza.

"Tatu na gramu mia mbili," akasema, kisha akaanza kunisimulia tangu mwanzo.